Jumamosi sita za namba za uchumi hapa Moshi: nilicholipia na nilichopata

Wadau habari zenu. Lile darasa la Jumamosi la viashiria vya uchumi ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza nililimaliza Aprili 2025, na nimekaa makusudi bila kuandika kitu, manake ukiandika siku ileile umetoka darasani unaandika kwa mahaba tu. Nikasema ngoja kwanza nitumie nilichofundishwa, nione kama kinashika kwenye biashara ya kweli. Sasa msimu umezunguka, leo mvua inanyesha na duka limetulia, acha nimwage yote.

Mi nauza spea za pikipiki maeneo ya Majengo. Tairi, cheni, plagi, beringi, breki shuu, oili, vitu hivyo. Mzigo karibu wote unatoka China, unashukia Dar, mi naufuata Kariakoo. Kwahiyo maisha yangu yako kwenye dola hata kama mkononi dola yenyewe sijawahi kuishika. Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi. Nilichokuwa sijui ni kwanini inapanda, lini huwa inalegea, na zile namba wanazosoma kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, mfumuko wa bei sijui asilimia ngapi, pato la taifa asilimia ngapi, zinanihusu nini mtu wa tairi na cheni.

Mwaka 2024 ndo ulinifundisha kwa fimbo. Shilingi ilikuwa inashuka tangu mwaka unaanza, kufika Septemba Oktoba dola moja imeshapita 2,700, na Kariakoo kila mtu anakwambia hii inaenda 3,000, nunua sasa hivi kabla hujajuta. Nikanunua. Nikachukua akiba, nikaongeza mkopo, nikajaza stoo tairi za mbele na nyuma mpaka mlango unafungwa kwa kusukuma. Alafu Novemba shilingi ikaanza kupanda, Desemba dola ikarudi mpaka maeneo ya 2,400 na kidogo. Kufika Februari jirani yangu kaleta mzigo mpya, tairi ambalo mi nimelinunua 62,000 yeye analiuza 58,000 na bado anapata faida. Marejesho hayasubiri, nikauza kwa hasara. Wiki ile usingizi ulikuwa haupo kabisa.

Kabla ya hili darasa nilishaenda kwenye semina moja Arusha, kwenye ukumbi wa hoteli, kiingilio 250,000, wamevaa suti, wanaonyesha michoro ya rangi kwenye skrini kubwa na kutuambia wana njia ya kujua dola itakwenda wapi wiki ijayo. Kufika saa nane mchana mada imegeuka, tunaambiwa tuweke hela kwenye akaunti fulani ili "tuanze safari". Niliondoka. Hela ya kiingilio sikurudishiwa. Nalisema hili ili muelewe niliingia darasa la Moshi nikiwa na mashaka ya kutosha, nimeshaungua.

Darasa lenyewe. Linaendeshwa na mwalimu mstaafu, alifundisha uchumi miaka mingi, sisi tulimwita Mwalimu basi. Ukumbi ni ule mdogo wa kukodisha kwa vikao vya harusi, njia ya kwenda Soweto. Jumamosi sita, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, ada 90,000 na unaruhusiwa kulipa mara mbili. Tulikuwa 14. Mama mmoja anauza mchele na maharage soko la Mbuyuni, mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kibosho ambaye wote tulimwita Meku, jamaa mwenye hiace mbili za Moshi na Himo, dada wa mitumba Memorial, vijana wawili wametoka chuo hawajapata kazi, na sisi wengine wa maduka.

Siku ya kwanza Mwalimu hakuandika chochote ubaoni nusu saa nzima, alituzungukia mmoja mmoja anauliza swali moja, "wewe unajuaje kama mambo yanakwenda vizuri au yanaharibika kabla hujapiga hesabu ya mwezi?" Yule wa hiace akasema anaangalia abiria wanaoshuka njiani na kumalizia kwa mguu. Dada wa mitumba akasema wateja wakianza kuuliza bei ya nguo moja badala ya kuchagua tatu, ujue. Zamu yangu ilipofika nikajikuta nasema kitu ambacho sikuwahi kukitamka, nikamwambia, Mwalimu, mi naangalia tairi na oili. Oili bodaboda lazima anunue, asipobadilisha injini inakufa. Ila tairi anaweza kuahirisha, atatembelea upara, atabandika viraka kwenye tyubu mpaka tyubu iwe kama nguo ya fundi rangi. Oili ikitoka alafu tairi hazitoki wiki tatu nne, hela haipo mtaani. Wakianza kuja kununua tairi, tena mbili kwa mpigo, kuna hela imeingia mahali, ama kahawa imelipwa ama mpunga wa Lower Moshi umevunwa.

Mwalimu akanyamaza kidogo akasema, "Kijana, hicho ndo kiashiria. Serikali inafanya hivyohivyo, ila yenyewe inahesabu nchi nzima." Mpaka leo hilo ndo naliona kitu kikubwa kuliko vyote alivyotufundisha. Kiashiria ni kipimo kinachokuonyesha hali ya kitu kikubwa usichoweza kukiona chote kwa macho. Kwahiyo cha kwanza ujue kinapima nini, pili kinatoka lini, tatu kinawahi au kinachelewa. Ukijua hayo matatu unaweza kukitumia, usipojua kitakupotosha hata kama namba yenyewe ni sahihi.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mfumuko wa bei na hapo ndo palipochemka. Mama wa Mbuyuni alisimama kabisa, "Mwalimu naomba unieleze, redioni wanasema mfumuko wa bei ni asilimia tatu na kitu, mimi nauza chakula, mimi ndo ninayepandisha bei kila nikitoka kununua mzigo, hiyo tatu wameitoa wapi?" Ukumbi mzima ukaunga mkono. Mi mwenyewe nilikuwa naamini ile namba inapikwa.

Mwalimu hakujibu kwa maneno, alitupa kazi. Akaeleza kwanza kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ina kapu. Kwenye kapu kuna bidhaa na huduma 383, kila mwezi wanakusanya bei zake, na namba wanaitoa mwezi unaofuata, karibu tarehe 8. Lakini kila kitu kwenye kapu kina uzito wake, kulingana na watu wanatumia kiasi gani, na uzito huo ulitokana na utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18. Bei zinalinganishwa na mwaka 2020 ambao umewekwa kuwa 100. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Nyumba, maji, umeme na nishati ya kupikia 15.1. Usafiri 14.1. Mavazi 10.8. Na kadhalika.

Alafu akasema, haya, kila mtu aandike matumizi ya nyumbani kwake mwezi uliopita, yote, mpaka vocha. Tulikaa kimya kama tuko kwenye mtihani. Mimi nyumbani chakula kilikula asilimia 47. Mama wa Mbuyuni, ana wajukuu wanne, chakula 55. Kati yetu 14 hakuna ambaye chakula chake kilishuka mpaka ile 28, hata yule mwenye hiace.

Sasa akaandika ubaoni mfano, bei za vyakula zimepanda asilimia 10 kwa mwaka, vitu vingine vyote vimepanda asilimia 1. Kwa kapu la taifa, chukua 28.2 zidisha kwa 10 gawa kwa 100 unapata 2.82, ongeza ile 71.8 iliyobaki mara 1 gawa kwa 100 ni 0.72, jumla 3.5 hivi. Kwa kapu langu, 4.7 ongeza 0.53, jumla 5.2. Kwa kapu la mama, 5.5 ongeza 0.45, karibu 6. Bei ni zilezile, soko ni lilelile, hakuna aliyedanganya, ila mmoja anasoma 3.5 mwingine anaishi kwenye 6. Kapu la taifa limechanganya wote, mpaka anayejaza gari mafuta kila siku na anayekula hotelini, na mtu mwenye kipato chakula kinachukua sehemu ndogo ya hela yake.

Yule mama alikaa chini taratibu. Akasema, "Basi mimi nihesabu la kwangu." Na anahesabu kweli mpaka leo, ana kaunta buku anaandika bei ya sado ya maharage kila Jumatatu.

Jambo jingine la siku hiyohiyo ambalo nadhani kila Mtanzania angepaswa kulisikia, mfumuko ukishuka haimaanishi bei zimeshuka. Bati lilikuwa 20,000, mwaka uliofuata likawa 25,000, hapo mfumuko ni asilimia 25. Mwaka wa tatu likawa 26,000, mfumuko ni asilimia 4. Mtangazaji atakwambia mfumuko umeshuka kutoka 25 mpaka 4 na atakuwa sahihi, na wewe ukienda hadwea unalipa 26,000, haijapungua hata mia. Kilichopungua ni mwendo. Nakumbuka Desemba 2011 mfumuko Tanzania ulifika asilimia 19.8, wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba mizigo, sikujua namba ila nakumbuka sukari. Bei zile hazikurudi tena chini, ziliacha tu kukimbia.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya Meku, hata Mwalimu alimwachia chaki. Somo lilikuwa viashiria vinavyotangulia, vinavyokwenda sambamba na vinavyofuata nyuma. Meku akasema kwenye kahawa hilo mtoto wa Kibosho analijua. Mvua ikinyesha vizuri alafu maua yakatoka kwa wingi, hicho kimetangulia, unajua miezi inayokuja kutakuwa na nini. Siku kahawa inapopimwa kwenye chama cha ushirika, hicho kiko sambamba, ndo hali yenyewe. Na Januari ukiona ada za watoto zimelipwa zote bila kukopa, hicho kimefuata nyuma, kinakuthibitishia tu kwamba msimu ulikuwa mzuri, huwezi tena kukifanyia kitu. Mwalimu akasema vitabuni imeandikwa hivyohivyo, kwamba oda mpya za viwandani na vibali vya kujenga nyumba vinatangulia, mauzo na mapato yanakwenda sambamba, ukosefu wa ajira na mikopo isiyolipika vinafuata nyuma, na kwamba waliokaa wakavipanga kwa utafiti ni Wesley Mitchell na Arthur Burns kule Marekani, mwaka 1938.

Siku hizo kahawa ilikuwa gumzo mji mzima. Februari 2025 arabika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, haikuwahi kufika huko, sababu kubwa ikiwa ukame wa Brazil ambao ndo wazalishaji wakubwa duniani. Mwalimu akatufundisha kuitafsiri mpaka Kibosho. Kilo moja ni ratili 2.2, kwahiyo dola 4 kwa ratili ni dola 8.8 kwa kilo, na dola tukiiweka 2,600 inakuwa kama 22,900 kwa kilo. Meku akaruka, "Mbona mimi sioni hiyo?" Akaelezwa kwa utulivu, hiyo ni kahawa safi iliyokobolewa na kupangwa madaraja, wewe unauza ya maganda, ukikoboa kama sehemu moja ya tano ya uzito inaondoka, alafu kuna usafiri, makato ya chama, gharama za kukoboa, na ubora wa kahawa yako unaweza kuongeza au kupunguza juu ya bei ya New York. Kwahiyo ile namba ya New York siyo bei yako, ni upepo wa bei yako. Meku aliandika mwenyewe hesabu ya makato yote kwenye daftari mstari kwa mstari, na wiki iliyofuata alikuja na risiti za chama kulinganisha. Mzee ana miaka zaidi ya 70. Niliheshimu sana.

Sasa kwenye dola, ambako ndo nilikuwa nakusubiri kwa hamu. Hii ilikuwa Jumamosi ya nne na ndo iliyorudisha ada yangu yote.

Mwalimu alichora mstari wa miezi 12 ubaoni, akatuuliza dola zinaingia Tanzania kwa njia zipi na miezi gani. Dhahabu, hiyo inaingia mwaka mzima. Utalii, na hapa sisi wa Kilimanjaro na Arusha tunaujua vizuri, wageni wanamiminika kuanzia Juni Julai, wanapungua mvua za masika zikianza. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje, mwaka mmoja kabla ilikuwa 1.8. Alafu mazao, kahawa, korosho, tumbaku, hela zake zinaingia zaidi nusu ya pili ya mwaka. Ukiunganisha unaona kwamba kuanzia kama Julai mpaka Desemba dola zinaingia kwa wingi, na kuanzia Februari mpaka Mei zinakuwa adimu. Nikaangalia ile picha nikakumbuka stoo yangu. Nilinunua mzigo wa mwaka mzima mwezi ambao dola iko kileleni, wakati kipindi cha kulegea kiko mlangoni.

Ila hapohapo, na hii ndo sababu namwamini, akatukata tamaa kidogo. Akasema msije mkaifanya hii kuwa dini. Mwaka 2023 msimu ulikuja, watalii walikuja, mazao yaliuzwa, na bado shilingi ilishuka mwaka mzima na dola zilikuwa hazipatikani madukani. Kwanini? Kwasababu Marekani benki kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 mpaka zaidi ya asilimia 5 kufika Julai 2023, mwenye dola yake akaona bora aiweke kwao. Na vita ya Ukraine ilipandisha bei za mafuta na mbolea, nchi ikawa inahitaji dola nyingi zaidi kwa vitu vilevile. Kwahiyo usitazame msimu peke yake, tazama na riba ya Marekani, bei ya mafuta, na akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu, ambayo inapimwa kwa miezi, yaani ingeweza kulipia bidhaa na huduma tunazoagiza nje kwa miezi mingapi. Sisi tumejiwekea isipungue minne, Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka minne na nusu.

Nilivyotumia. Aprili 2025 dola ikarudi tena karibu na 2,700 na Kariakoo wimbo ukaanza uleule, 3,000 inakuja. Mikono ilikuwa inawasha, kwakweli. Nikafungua daftari, nikaangalia mwezi, nikaangalia mengine yote aliyotufundisha, nikaamua nanunua mzigo wa wiki mbili mbili tu, vitu vinavyotoka haraka, oili, plagi, breki. Tairi nikachukua chache. Kuna siku mbili nilikosa tairi za nyuma wateja wakaenda kwa jirani, hiyo gharama niliikubali. Kufika Septemba Oktoba dola imeshuka chini ya 2,500, ndo nikanunua tairi za kutosha. Tofauti kwenye mzigo mmoja ule imelipa ada ya darasa mara nyingi tu, na sikukopa.

Riba ya Benki Kuu aliieleza vizuri ila kwa kifupi. Tangu Januari 2024 BoT wanatumia riba kuongoza mambo, walianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo wakapandisha 6, na sisi tukiwa tumeshamaliza, Julai 2025, wakashusha 5.75, Mwalimu akatutumia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp. Nikafurahi nikaenda ninakokopa kuuliza kama marejesho yatapungua. Hayakupungua. Nikarudi kumuuliza, Mwalimu akanikumbusha somo la Meku, kwamba hiyo inaanzia kwenye benki zinapokopeshana zenyewe kwa zenyewe, ikifika kwa mtu wa Majengo imeshachukua muda mrefu na nyingine inapotelea njiani, riba ya mikopo ya benki kwa ujumla iko kwenye asilimia 15 hivi, robo asilimia haitikisi kitu mara moja. Mwelekeo ndo unaoangalia, siyo siku yenyewe.

Mafuta hayakuchukua muda, EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, yule wa hiace alikuwa anaijua kuliko Mwalimu.

Pato la taifa nilikuwa naliona kama somo la wakubwa ila kuna hesabu moja alitupa sijaisahau. Uchumi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024. Sawa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7 na ikaonyesha tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Toa. Kwa kila kichwa unabaki na asilimia 2 na kidogo. Akaongeza kwamba hata Simon Kuznets, ambaye hesabu zake za pato la taifa zilipelekwa kwenye Bunge la Marekani mwaka 1934, alionya palepale kwamba huwezi kujua ustawi wa watu kwa kuangalia pato peke yake. Mmoja wa wale vijana wa chuo akasema alisoma miaka mitatu na hakuna aliyemtajia onyo hilo. Pato likikua kwa sababu mgodi mmoja umechimba zaidi, tairi zangu hazitoki zaidi Jumatatu.

Mapungufu sasa, manake yapo na naomba Mwalimu akiyasoma ayachukue kwa mema, nayasema kwa heshima.

Zile karatasi. Jamani zile fotokopi ni fotokopi ya fotokopi, jedwali la bei limekuwa jeusi, namba 3 na 8 huwezi kuzitofautisha, na hili ni darasa la namba. Mama wa Mbuyuni alinakili jedwali zima vibaya akarudia nyumbani usiku. Kwa 90,000 tunastahili karatasi zinazosomeka, hata tukiongeza elfu tano.

Jumamosi ya tano ya soko la hisa na hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, ilikwenda mbio mno. Alijaribu kuweka kila kitu kwenye saa tatu, na siku hiyo umeme ulikatika, projekta ikazima, tukabaki tunasikiliza habari ya mapato ya hatifungani bila kuona mchoro. Mpaka leo hilo somo sijalielewa na najua siko peke yangu. Bora angelipangia Jumamosi mbili au aliache kabisa.

Kuchelewa. Saa tatu ni saa tatu na nusu, kila wiki, kwasababu tunamsubiri fulani. Sisi wenye maduka tumefunga kwa ajili hiyo, Jumamosi asubuhi ndo bodaboda wanafanya matengenezo, nusu saa ni hela. Aanze na waliopo.

Chai ipo, ni nzuri, chapati nzuri, ila unalipia pembeni na hakuna aliyetuambia mwanzo. Kitu kidogo lakini mtu amekuja na nauli tu anaona aibu.

Na cheti hakuna. Vijana wa chuo walilalamika. Kama unatafuta karatasi ya kuweka kwenye barua ya kazi, hili darasa halikufai, mjue mapema. Vilevile kama unataka kuambiwa ununue nini kesho, hutaambiwa. Nilimuuliza mara tatu kwa njia tofauti tofauti, dola itafika ngapi Mwalimu, na mara zote tatu alinijibu kwa kunirudishia swali, "Umeangalia nini wiki hii?"

Kwa mtu wa biashara ndogo au ya kati, mkulima anayeuza nje, mwenye gari la abiria, mama wa soko, nampa Mwalimu nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ni karatasi zile na Jumamosi ya hatifungani. Uzuri wake ni kwamba anafundisha kwa Kiswahili cha kueleweka, hesabu zote ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawa, simu ya kitochi inatosha.

Kwa sasa kila Jumatatu kabla sijafungua naandika mistari minne kwenye daftari, dola ngapi, petroli ngapi Moshi, tairi ngapi zimetoka wiki iliyopita, oili ngapi. Wiki iliyoisha tairi 11, oili 64. Wiki moja kabla tairi 6, oili 61. Bado sijaongeza mzigo, nasubiri nione wiki mbili nyingine.

Darasa jipya linaanza baada ya Pasaka, ukumbi uleule. Ukifika kaa viti vya mbele upande wa dirisha, nyuma projekta haisomeki, na nenda na matumizi yako ya mwezi mzima yameandikwa kabisa, mpaka vocha.